Vikombe Visivyomwaga vya Watoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nauza vyombo vya watoto hapa Sinza, na hakuna bidhaa inayoleta maswali mengi kama kikombe cha mfuniko, kile ambacho mtoto akikipindua maji hayamwagiki. Wengine huuliza dukani, wengine hutuma sauti WhatsApp usiku huku mtoto akilia. Hapa nimeandika yale yanayorudi kila mara. Baadhi ya majibu yatakufanya ununue na mengine yatakufanya usinunue. Yote nayataka, kwa sababu kikombe hiki kikitumiwa vizuri kinampunguzia mama kazi kubwa, na kikitumiwa ovyo kinamletea mtoto maradhi.

Hiki kikombe kinazuiaje maji?

Fungua mfuniko uutazame kwa ndani. Chini ya mdomo wa kunyonyea kuna kimpira cha silikoni chenye mkato mwembamba sana. Mkato huo hujifunga wenyewe. Mtoto akinyonya, hewa inapungua upande wake, mkato unafunguka na maji yanapita. Akiacha, unajifunga tena. Vikombe vingi vina tundu au mkato wa pili wa kuingizia hewa. Bila huo mtoto angenyonya mara mbili tatu kisha kikombe kikagoma, maana maji yakitoka lazima hewa ichukue nafasi yake.

Kwa hiyo unaponunua, unanunua kimpira. Kikichanika au kikipotea, kilichobaki ni kopo la plastiki lenye mfuniko.

Wazo lenyewe halina miaka mingi. Richard Belanger, mhandisi wa Marekani, alipata hataza, yaani haki ya mbunifu, ya kikombe cha namna hii mwaka 1992. Uingereza, Mandy Haberman alibuni kikombe chake cha Anywayup, kikaingia sokoni mwaka 1996. Tatizo la wote wawili lilikuwa lile lile la kwako: mtoto na juisi sakafuni.

Ziko aina ngapi, na nichukue ipi?

Utakutana na tatu. Kuna chenye mdomo, mgumu au laini, kinachofanana kidogo na chuchu ya chupa. Kuna cha mrija, ambacho mara nyingine mrija wake una uzito kwa chini ili ufuate maji hata mtoto akikiinamisha. Na kuna cha kunywea pande zote, ambacho hakina mdomo kabisa: juu kuna sahani ya silikoni iliyobana ukingo, na mtoto akigusa kwa mdomo na kuvuta, maji yanapita pale pale alipoweka midomo.

Mimi napendekeza cha kunywea pande zote, au cha mrija. Cha mdomo mgumu humfundisha mtoto kunyonya kwa namna ile ile ya chupa, na lengo letu ni kumtoa kwenye chupa. Cha pande zote kinamzoesha kuweka midomo ukingoni kama anywavyo mtu mzima, na kina vipande vichache vya kuosha. Kasoro yake ni kwamba akikitupa kwa nguvu sakafuni hutoa maji kidogo. Cha mrija watoto wengi hukielewa kuanzia kama miezi 9, lakini ukikinunua nunua na brashi yake nyembamba siku hiyo hiyo. Bila brashi hiyo usikichukue.

Kwa kuanzia, chenye mikono miwili na ujazo wa mililita 150 hadi 200 kinatosha. Kikubwa kikijaa ni kizito kwa mkono wa mtoto, atakiangusha tu.

Mwanangu ana miezi minne na joto hili la Dar. Si nimpe maji kidogo?

Hapana, mama. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa yako ni maji, na yanamtosha hata Januari na Februari. Akionekana ana kiu mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Maji yanajaza tumbo lake dogo, ananyonya kidogo, na kama si safi yanamletea kuhara. Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, na ndivyo wanavyokwambia kliniki. Ukiniambia mtoto ana miezi minne, sikuuzii kikombe.

Basi aanze lini?

Miezi 6, pamoja na chakula cha kwanza. Mwache akishike, akitafune, akigonge mezani. Weka maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko viwili vitatu tu, umpe wakati wa kula. Mwanzoni atamwagia kifuani karibu yote. Ni kawaida.

Nesi alisema tutumie kikombe cha kawaida na kijiko. Mbona wewe unauza hivi?

Nesi yuko sahihi, na sitaki ninachouza kigombane na alichokwambia. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamekuwa wakihimiza kikombe cha wazi badala ya chupa kwa sababu moja ya wazi: kikombe cha wazi unakiona chote, mkono unafika kila mahali, sabuni inafika, hakuna pembe ya kufichia uchafu. Chupa ina chuchu. Kikombe cha mfuniko kina kimpira. Palipo na kifichio, ndipo vijidudu vinakaa.

Tofauti iko kwenye mahali. Nyumbani, mtoto amekaa mkekani na wewe uko naye, tumia kikombe cha wazi, kimejaa hadi usawa wa vidole viwili. Kuna vikombe vidogo vya plastiki au vya bati ambavyo bei yake ni ndogo kuliko mfuniko mmoja wa hivi ninavyouza. Hiki kisichomwaga ni cha njiani. Ni cha kwenye foleni ya Ubungo, cha kwenye mwendokasi mmesimama mnabanana, cha kivuko cha Kigamboni, cha kanisani au msibani, mahali popote ambapo maji yakimwagika yanamlowesha jirani. Wazazi wanaonunua kimoja cha safari na kuendelea na kikombe cha wazi nyumbani hawarudi kulalamika. Wanaorudi ni wale waliomwachia mtoto ashinde nacho.

Kwa umri wa mwaka mmoja mtoto anaweza kunywa kwenye kikombe kisicho na mfuniko wewe ukikishika. Kufikia miezi 18 anashika mwenyewe, japo anamwaga mara moja moja. Hafiki hapo kama hajawahi kupewa nafasi ya kumwaga.

Naweza kuweka uji?

Hili ndilo naulizwa kuliko yote, na jibu ni hapana, kwa sababu tatu ambazo kila moja inatosha.

Kwanza, uji hauwezi kupita kwenye kimpira. Mzazi akiona haupiti, anafanya moja kati ya mawili: anatoa kimpira, au anakipanua mkato kwa wembe. Akikitoa, uji unamiminika kwa kasi ambayo mtoto hawezi kuizuia na anapaliwa. Akikikata, kipande cha silikoni kinaweza kumeguka na kumezwa.

Pili, na hili naomba ulisome taratibu. Ili uji upite kwenye mdomo wa kikombe lazima uwe mwepesi. Uji mwepesi ni maji yenye rangi ya ulezi. Mtoto wa kilo 8 tumbo lake linabeba takriban mililita 240, basi. Ukilijaza maji hakuna pa kuweka chakula. Uji wa mtoto unatakiwa uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko usitiririke ukikiinamisha. Kuanzia miezi 6 hadi 8 apewe mara 2 hadi 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 apewe mara 3 hadi 4, akiwa bado ananyonya. Mama anakuja dukani ananiambia mwanangu anakunywa uji vikombe vitatu lakini kliniki uzito hausogei, mstari kwenye kadi umelala. Ninapomuuliza anaupikaje ili upite, jibu linakuwa limeshapatikana.

Tatu, mabaki. Uji wa lishe wenye karanga na soya ukikauka ndani ya kimpira haubanduki, na kwa joto letu unachacha kabla jua halijatua.

Uji ni bakuli na kijiko, mtoto amekaa wima, unamtazama usoni. Unachukua muda, ndiyo.

Na vinywaji vingine je?

Maji ndiyo kinywaji chake. Ukibaki kwenye maji, nusu ya matatizo mengine yaliyoandikwa humu hutayaona.

Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji yasubiri mwaka mmoja. Baada ya hapo yasizidi mililita 700 hivi kwa siku, kwa sababu anayeshiba maziwa hali chakula, na maziwa hayana madini ya chuma ya kutosha, hivyo damu inapungua. Chai ya rangi nayo inazuia mwili kufyonza madini hayo. Najua kwetu mtoto hupewa chai asubuhi kama wakubwa, lakini mwondolee. Asali usimpe kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata kijiko kimoja ndani ya maji.

Juisi kabla ya mwaka mmoja hapana. Kati ya mwaka 1 na 3, madaktari wa watoto wa Marekani waliweka mpaka wa mililita 120 kwa siku mwaka 2017, na wakasema wazi isiwekwe kwenye chupa wala vikombe ambavyo mtoto anatembea navyo kutwa. Juisi ya embe na ya ukwaju zina nyuzi zinazoziba mkato, mtoto ananyonya mpaka anakasirika. Soda isiguse kikombe hiki. Gesi inasukuma mfuniko, na ukifungua inakurukia.

Kinywaji cha moto pia hapana. Ukifunga mfuniko juu ya maziwa ya moto, hewa iliyo ndani inapanuka na kusukuma maziwa kupitia mkato. Mtoto akiweka mdomo, yanamrukia ulimini. Pooza kwanza, ndipo ufunge.

Nikioshe vipi?

Mama mmoja alinijia akisema kikombe kinanuka ingawa anakiosha kila siku kwa sabuni. Kwa nje kiling'aa. Nikakifungua mbele yake, nikakibandua kimpira kwa kucha, nikakipindua ndani nje. Kwenye kile kijifereji kinachokaa ukingoni mwa plastiki palikuwa na utando mweusi unaoteleza, na nilipoupangusa kwa pamba ya masikio pamba ikatoka nyeusi. Alikuwa hajui kama kimpira kinatoka. Hakuna aliyemwambia, na karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kichina.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujua kikombe chako kina vipande vingapi. Vibandue vyote siku ya kwanza, uvipange mezani, uvihesabu, upige picha kwa simu. Picha hiyo itamsaidia yeyote atakayekiosha baada yako.

Kila baada ya kutumia, vibandue. Suuza kwanza kwa maji baridi kama kulikuwa na maziwa, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa brashi ndogo ya mtoto peke yake. Lile dodoki la sufuria lililosugua mafuta ya samaki lisiguse hapa, wala uzi wa chuma, unaochora mikwaruzo ambayo uchafu unaingia. Kimpira kibonyeze kwa vidole mkato ufunguke, upitishe maji ya sabuni, halafu usuuze kwa maji safi yanayotiririka au ya kumimina kwa kata.

Kwa mtoto mdogo chemsha vipande mara kwa mara, dakika 5 tangu maji yaanze kutokota, ukiwa umehakikisha maandishi ya kikombe yanaruhusu. Sufuria iwe na maji mengi na plastiki isilale chini kwenye moto wa mkaa, itapinda, na mfuniko uliopinda hauzibi tena.

Kisha kausha. Hapa ndipo Dar inatushinda wengi, maana hewa yetu ina unyevu mwingi, na kimpira kilichorudishwa kikiwa kibichi hakikauki hata usiku kucha. Panga vipande kwenye kichanja au sahani safi, funika kwa kawa nzi wasitue, viache vikauke vyenyewe. Usivifute kwa kitambaa cha jikoni. Unganisha wakati wa kutumia tu.

Ukiona weusi ndani ya kimpira, usisugue. Kitupe ununue kingine. Wasiwasi huu si wangu peke yangu: mwaka 2016 nchini Marekani vikombe takriban milioni 3.1 vya Tommee Tippee Sippee viliitwa virudishwe kwa sababu ya ukungu ulioota kwenye vizuizi vyake, vilivyokuwa kipande kimoja kisichofunguka. Ndiyo sababu mimi siweki dukani kikombe ambacho kimpira chake hakifunguki katikati au hakiruhusu jicho kuona ndani.

Maji yetu ni ya kisima, ya chumvi. Kimpira kinakuwa na unga mweupe.

Huo ni mchanganyiko wa chumvi na chokaa, na unakifanya kimpira kigumu mpaka kinaanza kuvuja. Loweka kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kama nusu saa, kisha suuza sana. Suuzo la mwisho fanya kwa maji yale ya kunywa uliyochemsha. Na maji ya kunywa ya mtoto, yawe ya bomba, ya boza au ya kisima, chemsha au tia dawa ya maji kwa kufuata kipimo, uyahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Kama kisima chenu ni cha chumvi kali, mtafutie mtoto maji mengine ya kunywa.

Mimi niko kazini kutwa, anayekaa na mtoto ni dada. Nitajuaje kama kinaoshwa?

Usianze kwa kumkagua. Keti naye mara moja, mbandue vipande pamoja, mwoneshe kule ndani kunakokaa uchafu, mwambie ni kwa nini. Dada aliyeelewa anaosha vizuri kuliko aliyegombezwa. Mnunulie brashi, na mpe muda: huwezi kumwachia mtoto, kupika, kufua na kudeki, kisha ushangae kimpira hakijabanduliwa. Nunua vikombe viwili, kimoja kikauke kingine kikitumika.

Kwa bibi ni hivyo hivyo, ila kwa adabu yake. Bibi alilea watoto saba kwa kikombe cha bati na atakwambia haya madude hayana maana. Kwa ndani ya nyumba, msikilize.

Maziwa yanaweza kukaa muda gani ndani ya kikombe?

Nje ya friji, saa 2 ndiyo mwisho, na hewa ikipita nyuzijoto 32 ni saa 1 tu. Alilobakiza mtoto baada ya kugusa kwa mdomo limeshaingia mate, usimtunzie. Mwaga.

Analala nacho mdomoni. Kuna ubaya?

Upo. Usiku mate yanapungua, na maziwa au juisi vinakaa kwenye meno ya mbele saa nzima nzima. Sukari inalisha bakteria, bakteria wanatoa tindikali, jino linaanza kuwa na madoa meupe karibu na ufizi, kisha kahawia, kisha linameguka. Watu husema meno ya utoto yatang'oka tu. Kabla hayajang'oka yanauma, na mtoto mwenye jino bovu hali wala halali.

Mchana nako ni hivyo. Kunyonya kidogo kidogo kutwa ni kubaya kuliko kunywa mara moja ukamaliza, kwa sababu kila funda jipya la kitu kitamu linaanzisha tindikali upya. Kama lazima ashike kitu kitandani, iwe maji matupu, na baada ya siku chache kiondoe. Jino la kwanza likitoka, lisugue kwa brashi laini na dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na usiku.

Anatembea nacho mdomoni, anakimbia nacho. Nimwache?

Usimwache. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulihesabu watoto wa chini ya miaka 3 waliofikishwa vyumba vya dharura kwa majeraha ya chupa, nyonyo bandia na vikombe vya aina hii kati ya mwaka 1991 na 2010. Walikuwa zaidi ya 45,000. Vikombe vilihusika kwa takriban asilimia 14, na sehemu kubwa kabisa ya ajali ilikuwa kuanguka, mtoto akiwa na kitu mdomoni. Mdomo mgumu wa plastiki ukisukumwa na sakafu unapasua mdomo na kutikisa meno.

Sheria ya nyumbani kwangu ni fupi: kunywa ni kukaa. Kwenye bajaji ni kali zaidi. Tuta moja la barabara ya mtaani linatosha kumchoma mtoto kaakaa, kwa hiyo subiri isimame kwenye foleni, mpe anywe, kichukue kabla hamjaondoka. Kwenye daladala pia.

Nimekinunua na kinavuja. Si ulisema hakimwagi?

Kabla hujanirudishia, angalia haya. Kimpira kimekaa mpaka mwisho? Kimegeuzwa juu chini? Mfuniko umepinda uzi wakati wa kufunga? Umejaza kupita mstari? Kama yote yako sawa, kibonyeze uangalie mkato kwenye mwanga. Mtoto anayeota meno hutafuna, na mkato ukishachanika pembeni haurudi. Huo ni mwisho wa kimpira, tafuta cha akiba. Napenda kuuza vikombe ambavyo vimpira vyake vinapatikana peke yake, na nakushauri ununue cha pili siku hiyo hiyo.

Hataki kabisa kunywa, ananyonya kisha analia.

Jaribu wewe mwenyewe kwanza. Vimpira vingine ni vigumu hata kwa mtu mzima. Kwa siku mbili za mwanzo toa kimpira, weka maji kijiko kimoja tu, aone kwamba humu kuna kitu, umshikie mwenyewe. Kisha kirudishe. Kunywa mbele yake kwa kikombe chako. Wengine wanakataa cha mdomo na kukubali mrija siku hiyo hiyo. Asipokubali vyote na anakunywa vizuri kwenye kikombe cha wazi, huna haja ya kuja dukani kwangu tena.

Mwanangu ana mdomo sungura. Kikombe hiki kinamfaa?

Hapana. Mwenye uwazi kwenye mdomo au kaakaa mara nyingi hawezi kuvuta, na kikombe hiki kinategemea kuvuta. Mpeleke kwa wataalamu mapema, kwa hapa Dar hospitali za CCBRT na Muhimbili, wakuoneshe namna ya kumlisha na wampangie upasuaji. Huyo huyo Haberman wa Anywayup alianza kazi yake kwa kubuni chupa maalumu kwa ajili ya binti yake aliyezaliwa na shida ya kunyonya.

Nitajuaje plastiki ni salama?

Pindua chini, tafuta namba ndani ya pembetatu. Namba 5 ni polipropilini, inavumilia joto, ndiyo nzuri. Namba 7 ni mchanganyiko wa aina nyingi, na humo ndimo imo ile ngumu inayong'aa kama kioo iliyokuwa ikitengenezwa kwa kemikali ya BPA. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011, na Marekani ikaiondoa kwenye chupa na vikombe hivi mwaka 2012. Ndiyo maana vya mtumba vya Mchikichini navikwepa: hujui cha mwaka gani, kimekwaruzwa, na kimpira mara nyingi hakipo.

Kariakoo, mtaa wa Kongo na jirani zake, utavikuta vizuri na vibovu kwenye meza moja. Nenda na chupa yako ya maji. Omba ruhusa, jaza, funga, kipindue juu ya kiganja, kitikise. Kinuse kwa ndani. Harufu kali ya plastiki kirudishe. Vuta kimpira uone kama kinatoka na kurudi bila kisu. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakasirika. Kisicho na jina la mtengenezaji wala namba yoyote, kipite.

Dei kea wanachanganya vikombe.

Andika jina kwa maka isiyofutika, kwenye kopo na kwenye mfuniko vyote viwili, kwa sababu mifuniko ndiyo inayobadilishana. Funga na kipande cha utepe wa rangi, walezi wanaushika haraka kuliko jina. Weka maji tu, ili hata kikisahaulika juani hakuna cha kuchacha. Na kioshe mwenyewe kikirudi jioni, hata kama wanasema wameshaosha.

Aache lini?

Chupa iondoke kati ya miezi 12 na 18. Kikombe hiki nacho kisichukue nafasi yake kwa miaka. Kufikia miaka 2 awe anakunywa kwenye kikombe cha wazi nyumbani, cha mfuniko kikibaki cha njiani. Ondoa cha mchana kwanza, mlo mmoja mmoja. Cha usiku ndicho kinachogombewa, kiache mwisho.

Mfuniko umepotea, kopo limebaki. Nilitupe?

Usilitupe. Lina mikono miwili, halivunjiki, na mtoto ameshalizoea. Tia maji vidole viwili, mkalishe chini, anywe hivyo hivyo.